Kuchagua na Kufunga Betri katika Chombo cha Majini

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bariadi)



Kwanza kabisa napenda kuishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Barua ya Kamati iliniomba nizungumze juu ya "faida za elimu katika maisha ya baadaye". Nimezungumza juu ya jambo hilo mara nyingi kazini, mpaka mimi mwenyewe nimechoka kujisikia. Kwa hiyo nimemwomba Ndugu Mwenyekiti ruhusa nizungumze juu ya betri. Amekubali, ingawa alinitazama kwa mashaka kidogo.

Huenda wengine mnajiuliza, mtu wa Bariadi na chombo cha majini wapi na wapi? Sisi ni watu wa pamba na ng'ombe. Ni kweli. Lakini tangu mkoa wetu wa Simiyu uundwe mwaka 2012, tumekuwa na wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Na Busega inagusa Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke. Ukishuka kwa barabara ya Lamadi unakutana na ziwa. Huko kuna mialo, kuna mitumbwi, na kuna dagaa ambao ninyi vijana mnawala hapa bwenini.

Mwaka 2021 wenzangu wawili tuliomaliza pamoja Kidato cha Nne mwaka 1999, pamoja nami, tulichanga akiba zetu tukanunua chombo kikuukuu cha mbao chenye urefu wa futi 32. Kilikuwa kimelazwa mwaloni, kimekauka na kupasuka. Tulibadilisha mbao nane na mataruma matatu, tukaziba nyufa kwa kalafati ya pamba, pamba yetu hii hii ya Simiyu, tukapaka rangi. Kazi ya mbao ilifanywa na mafundi wenye ujuzi, na mpaka leo hakiingizi maji ya kutisha. Kazi ya umeme niliifanya mimi. Hapo ndipo hotuba yangu inapoanzia.

KAZI YA BETRI NDANI YA CHOMBO

Mashine yetu ya nyuma huwashwa kwa kuvuta kamba, wala haihitaji betri. Betri tuliihitaji kwa mambo manne: taa za kuvutia dagaa, taa za alama za chombo, pampu ya kutoa maji, na kuchaji simu na redio ndogo.

Zamani dagaa walivuliwa kwa karabai, na mvuvi alitumia fedha nyingi kununua mafuta ya taa. Siku hizi wengi wamehamia kwenye taa za LED zinazotumia betri na nguvu ya jua. Uvuvi wenyewe haukubadilika: dagaa hufuata mwanga penye giza, na mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi hupumzika, maana mwezi huishinda taa. Kwa hiyo katika mwezi mmoja tunapata kama usiku 20 wa kazi.

Sasa niwaulize vijana: mtu akienda dukani kununua betri, aanze na swali gani? Wengi wetu huanza na bei. Mimi nilianza na bei. Nilinunua betri mbili zilizotumika, zilizotolewa kwenye lori, nikafurahi kwa kuwa zilikuwa rahisi na nzito na ziliwasha taa pale pale nilipozijaribu.

Sikujiuliza kama betri ya lori iliundwa kwa kazi ile. Betri ya gari kazi yake ni kuzungusha injini. Hutoa ampea 200 au 300 kwa sekunde chache, kisha injini ikiwaka inarudishiwa kile kidogo ilichotoa. Ndiyo maana ndani yake kuna mabamba mengi membamba, ili asidi iguse eneo kubwa kwa wakati mmoja. Betri ya taa na sola ina mabamba machache mazito, yanayoweza kuvumilia kutoa umeme taratibu usiku kucha na kujazwa tena mchana. Ukiilazimisha betri ya gari kukesha ikitoa umeme mpaka iishe, kila siku, mabamba yake huharibika katika muda mfupi.

Wanafunzi wa kemia mtanielewa. Ndani ya betri kuna risasi, oksidi ya risasi, na asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Ikitoa umeme, mabamba yote mawili hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi, na asidi huzidi kuwa maji. Ukiichaji, mambo hurudi nyuma. Gaston Planté wa Ufaransa aligundua jambo hili mwaka 1859, na tangu hapo msingi wake haukubadilika. Lakini betri ikiachwa tupu kwa siku nyingi, ile salfeti huganda ikawa fuwele ngumu zisizokubali kurudi. Betri ya namna hiyo ukiipima inaweza kuonyesha volti nzuri, lakini ukiipa mzigo inazimika mara moja. Betri zangu mbili za lori zilikuwa katika hali hiyo baada ya miezi mitatu tu.

HESABU KABLA YA DUKA

Njia iliyo sawa ni kuanza na hesabu, wala si hesabu ngumu. Andika kila chombo kinachotumia umeme, wati zake, na saa zake.

Taa za dagaa nne za wati 20 kila moja ni wati 80. Kwa saa 8 ni wati-saa 640. Taa za alama kwa jumla ni wati 10, kwa saa 10 ni wati-saa 100. Pampu ni wati 40, na kwa usiku mzima haifanyi kazi zaidi ya saa moja, basi ni 40. Simu na redio, 20. Jumla ni wati-saa 800 kwa usiku mmoja.

Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampea-saa 67. Lakini usikimbilie kununua betri ya ampea-saa 70! Betri ya asidi na risasi hudumu vizuri ukitumia nusu tu ya ujazo wake. Kwa hiyo zidisha mara mbili, unapata 134. Kisha ongeza robo kwa ajili ya siku ya mawingu au safari iliyochelewa, unafika karibu 168. Kwa kuwa dukani betri huuzwa za 100, tunanunua mbili, ampea-saa 200. Hivyo ndivyo namba inavyopatikana. Mwenye duka akikwambia nyingine, mwombe naye akuonyeshe hesabu yake.

Hali kadhalika kwa paneli. Ukichukua saa tano za jua zuri kwa siku, 800 gawanya kwa 5 ni wati 160. Lakini umeme mwingine hupotea njiani, katika vumbi, joto na uchajishaji wenyewe. Ukihesabu kwamba asilimia 70 tu ndiyo inayofika, unahitaji karibu wati 230. Sisi tuliweka paneli ya wati 250 juu ya paa la banda letu mwaloni, na kidhibiti chaji kati yake na betri.

KUCHAGUA

Ukifika dukani na namba yako mkononi, fanya mambo matatu.

La kwanza, inyanyue betri. Betri halisi ya asidi na risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30, kwa sababu risasi haina mbadala. Ukiona betri imeandikwa 100 na mkono mmoja unainyanyua kama kapu la nyanya, basi maandishi ni ya 100 na risasi si ya 100.

La pili, ipime. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kama volti 2.1. Ikiwa imejaa na imetulia saa chache bila kuchajiwa, huonyesha volti 12.6 hadi 12.7. Ikionyesha 12.2 iko nusu. Ikionyesha 11.8 ni tupu. Betri mpya iliyo chini ya 12.4 imekaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa, na yale magonjwa ya fuwele huenda yameshaanza. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa.

La tatu, uliza kama ni ya kumwagiwa maji au iliyofungwa kabisa. Chombo cha majini hulala upande. Betri ya kumwagiwa ikilala humwaga asidi, na asidi hula mbao, nyavu na ngozi ya mtu. Kwa chombo kidogo iliyofungwa ni salama zaidi. Anayetumia ya kumwagiwa akumbuke kuongeza maji yaliyosafishwa tu, wala si asidi. Nasema hivi kwa kuwa wengi wetu huita vyote viwili "maji ya betri", na jina hilo moja limeua betri nyingi.

Kisha kuna betri za lithiamu. Wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi yao juu ya betri za lithiamu. Aina inayofaa katika chombo ni ile ya lithiamu, chuma na fosfeti, kwa kuwa haishiki moto kwa wepesi kama aina nyingine za lithiamu. Ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 12 hivi. Unaweza kutumia asilimia 80 ya ujazo wake bila kuidhuru, kwa hiyo moja inatosha mahali pa mbili za risasi. Bei yake ni kubwa siku ya kununua. Lakini betri ya risasi ikitumiwa nusu kila usiku hudumu mizunguko mia chache, na ya lithiamu hupita 2,000. Anayehesabu kwa siku ya kununua atachukua risasi, na anayehesabu kwa usiku wa kuvua atachukua lithiamu. Sisi mwaka 2022 mfuko haukuturuhusu. Tulinunua mbili mpya za risasi zilizofungwa, zikatuhudumia vyema mpaka mwanzoni mwa mwaka 2025, ndipo tukahamia lithiamu.

KOSA LANGU

Nimeruka jambo moja, na sasa sina budi kulirudia, maana ndilo lililonileta hapa mbele.

Zile betri za lori nilizifunga mwenyewe, likizoni. Kijana wa dada yangu alikuwa ananisaidia. Yeye alimaliza Kidato cha Nne katika shule hii mwaka 2018, hakuendelea, akawa anajifunza kazi kwa fundi wa sola. Nilipokuwa napigilia waya kwenye mataruma, akaniambia kwa adabu, "Mjomba, hapa karibu na betri panatakiwa fyuzi."

Nikamjibu, "Swichi ipo."

Akasema, "Swichi ni ya kuzimia, Mjomba. Fyuzi ni ya kitu kingine."

Ndugu zangu, shahada yangu ni ya uchumi. Fizikia niliiacha katika shule hii, nikiwa na alama B. Lakini siku ile nilimtazama kijana yule, nikamwambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Mimi haya nimeyasoma kabla wewe hujaanza darasa la kwanza." Akanyamaza. Akaendelea kunishikia tochi.

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai 2022, watu wanne wakiwa ziwani, naye akiwa mmoja wao, upepo ulikuwa mkali na chombo kilikuwa kinapigwa. Waya wangu ulikuwa umesugua kwa miezi mingi kwenye kipande cha bati tulichoimarishia taruma. Ngozi ya waya ikaisha, chanya na hasi zikakutana katika lile bati. Waya wote ukawa mwekundu kutoka hapo hadi kwenye betri. Turubai likashika moto, na kalafati iliyo juu ya maji nayo ikaanza kufuka. Dumu la petroli lilikuwa kama pima mbili kutoka pale.

Swichi yangu ilikuwa mbele, karibu na taa. Shoti ilikuwa kati ya swichi na betri. Kwa hiyo waliizima, na moto ukaendelea.

Kijana yule alishika panga, akakata waya mmoja kwenye nguzo ya betri. Mmoja tu, kwa kuwa alijua kuwa akikata zote mbili kwa pigo moja, panga lenyewe lingezikutanisha. Wengine walimwagia turubai maji. Moto ukazimika. Kiganja chake cha kushoto kiliungua. Walikaa gizani, wakipiga kasia, na chombo kingine chenye mashine kiliwapitia karibu sana bila kuwaona, mpaka walipokimulika kwa tochi ya simu. Walifika mwaloni alfajiri. Mimi nilipata habari saa moja asubuhi, nikiwa navaa tai kwenda ofisini.

Nilifanya na kosa la pili, nalo ni baya kuliko la kwanza. Kwa muda wa wiki mbili niliwaambia wenzangu wenye chombo kwamba betri ndizo zilizokuwa mbovu. Ni kweli zilikuwa mbovu, lakini betri mbovu haichomi waya. Kijana alinisikia nikisema hivyo mbele ya watu, akanyamaza kama alivyonyamaza mara ya kwanza. Aliyezungumza ni dada yangu. Aliniuliza swali moja tu: "Alikwambia, au hakukwambia?"

Niliitisha kikao nikasema ukweli. Wenzangu hao wawili wamo humu ukumbini leo, na wanaweza kunisahihisha.

HESABU NILIYOKUWA NAIJUA

Vijana wa fizikia, chukueni kalamu. Hii ni kanuni ya Ohm, haizidi hapo.

Waya niliotumia ulikuwa wa shaba wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani. Kutoka kwenye betri hadi mbele ni mita 6, kwenda na kurudi mita 12. Ukinzani wa shaba ni kama ohm 0.0175 kwa mita moja ya milimita mraba moja. Zidisha kwa 12, gawanya kwa 1.5, unapata ohm 0.14.

Kwanza tazameni hasara ya kila siku. Taa zikivuta ampea 10, volti zinazopotea njiani ni 10 mara 0.14, yaani volti 1.4. Zaidi ya sehemu moja katika kumi ya umeme wetu ilikuwa inapasha waya joto. Mimi nilikuwa nalaumu taa. Tulipoweka waya wa milimita mraba 6, ukinzani ulishuka hadi ohm 0.035, na hasara ikawa volti 0.35 tu.

Kisha tazameni shoti. Hata kama ingetokea mwisho kabisa wa waya, volti 12.6 gawanya kwa 0.14 ni ampea 90. Zidisha 90 kwa 12.6, ni wati zaidi ya 1,100. Hiyo ni nguvu ya pasi ya umeme, imelazwa ndani ya waya mwembamba, juu ya mbao na pamba. Na ikitokea karibu zaidi na betri, ampea huongezeka. Fyuzi ya ampea 15 karibu na betri ingekatika kabla waya haujapata moto. Bei yake haifiki hata ya sahani moja ya wali.

Basi kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Taa na betri haziihitaji kama waya unavyoihitaji. Kwa hiyo ukubwa wake huchaguliwa kwa waya, na mahali pake ni karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, kwa sababu kipande chochote cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUFUNGA

Sasa nieleze jinsi tulivyofunga mara ya pili. Aliyeongoza kazi alikuwa kijana yule, na mimi ndiye niliyeshika tochi.

Betri ziliwekwa chini na katikati, kwa kuwa mzigo wa kilo 60 ukiwekwa juu au upande mmoja huharibu ulalo wa chombo. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kukumbushwa nini hutokea chombo kikipoteza mizani. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Kilo 60 si sababu ya ajali kubwa kama zile, lakini desturi ya kutojali mahali pa mzigo huanzia kwenye vitu vidogo.

Zilifungwa kwa mikanda ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko, zisitikisike hata chombo kikilala. Kifuniko kina matundu juu. Betri ya asidi na risasi ikichajiwa sana hutoa hidrojeni, nayo ni nyepesi kuliko hewa, hupanda. Ikifika asilimia 4 tu katika hewa yaweza kulipuka kwa cheche moja. Mvuke wa petroli kinyume chake ni mzito, hushuka chini ya sakafu ya chombo. Kwa hiyo petroli ikae mbali, nyuma, penye upepo, wala isikae kamwe chumba kimoja na betri.

Betri mbili tuliziunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili volti zibaki 12 na ampea-saa ziongezeke. Waya wa kwenda kwenye taa tuliutoa chanya ya betri ya kwanza na hasi ya betri ya pili, ili zote mbili zifanye kazi sawa. Ukitoa zote kwenye betri moja, hiyo itachoka mapema na mwenzake atabaki anavuta miguu. Na betri kuukuu isiungwe na mpya, maana dhaifu humvuta mwenye nguvu.

Waya zilipitishwa ndani ya mabomba ya plastiki, mbali na misumari na mabati. Pampu ilipewa waya wake na fyuzi yake, moja kwa moja kutoka kwenye betri, ili mtu akizima swichi kuu pampu isilale. Nguzo zilipakwa grisi. Ziwa letu ni la maji baridi, na hiyo ni bahati. Ndugu zetu wa Pwani chumvi huwala shaba yao, na maji ya bahari yakiingia katika betri ya asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Wakati wa kufungua betri, anza na hasi. Wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho. Vua pete na saa ya chuma. Vaa miwani. Asidi ikikuruka jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali, usingoje kesho.

Tulipohamia lithiamu tulibadilisha mpangilio wa kidhibiti chaji, maana kila aina ina volti zake. Tulijifunza na jambo jingine. Ndani ya betri ya lithiamu kuna kifaa kinachoilinda, nacho hukata umeme ghafla, bila taa kufifia kwanza. Kwa sababu hiyo taa za alama tumezipa betri yake ndogo ya akiba, na kila safari kuna tochi kavu. Meli kubwa za abiria hutakiwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini kuwa na umeme wa dharura ulio mbali na ule mkuu. Nasi wenye futi 32 tuna roho zile zile.

BETRI IKIFA

La mwisho, msizitupe betri zilizokufa ziwani wala shambani. Na vijana mnaotoka mialoni, wakatazeni wadogo zenu kuyeyusha risasi ya betri jikoni ili kutengeneza uzito wa nyavu. Moshi wa risasi na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa ikaondoa amri hiyo, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Fedha zile ni nyingi, lakini hakuna mama aliyerudishiwa mtoto wake kama alivyokuwa. Betri iliyokufa ipelekeni kwa mnunuzi anayeipeleka katika kiwanda chenye kibali.

Ndugu Mwenyekiti, nimalize.

Leo hii kijana yule ndiye msimamizi wa umeme wa chombo chetu, na wenye vyombo wengine mwaloni humwita kuwafungia vyao. Ana kovu katika kiganja cha kushoto. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusimulia habari hii, akanikubalia kwa sharti moja: niwaambie wanafunzi mahali fyuzi inapokaa. Nimeshawaambia.

Kwenu wanafunzi: yale mnayoandika ubaoni katika chumba kile cha fizikia ni ya kweli, na ipo siku yatashika moto mbele yenu. Kwetu sisi wa zamani, wenye vyeti na vyeo: siku mtoto wa dada yako atakapokwambia kwa adabu kwamba pamepungua kitu, weka nyundo chini umsikilize.